Begi Liko, Mwenyewe Yuko

Muthoki alikuwa na mdomo. Hilo mtaa mzima wa Mbotela, Nairobi, ulikubaliana, hata wale wasioelewana juu ya jambo lingine lolote. Ukimuuliza kwa nini sukuma wiki anayouza kibandani kwake imenyauka, anakuuliza kama wewe ulipoamka ulikuwa umechanua. Mumewe Matheka, dereva wa lori la mchanga, alipenda kusema kwamba lori lake bovu lina breki moja na mke wake hana hata hiyo moja.

Jambo ambalo watu hawakulijua ni kwamba mwanamke yule alikuwa mwoga. Aliogopa giza. Aliogopa magari. Simu ikilia kabla ya kupambazuka aliiangalia kwanza kama mtu anayeangalia nyoka, kisha ndipo aipokee. Na zaidi ya yote aliogopa kwa ajili ya Mwelu, binti yake wa pekee, aliyempata baada ya mimba mbili kuharibika. Mwenye mtoto mmoja ni kama mwenye jicho moja: kila kijiti anakiona kinamwelekea yeye.

Mwelu alikuwa gredi ya tatu katika shule ya serikali iliyo karibu na estate. Mtoto mwenyewe mdogo wa mwili, mpole, wa kusalimu kila mtu mpaka mbwa. Mama yake alipomwandikisha, darasa lilikuwa limejaa. Mwaka uliofuata likajaa juu ya kujaa kule. Shule mbili za mabati za watu binafsi zilifungwa, wazazi wakachukua watoto wao wakawaleta palepale, na shule ya serikali haifukuzi mtoto. Dawati la watoto wawili likakaliwa na wanne. Walioshindwa kupata dawati walikaa sakafuni, na walioshindwa kupata sakafu walisimama ukutani nyuma, wakinakili kutoka kwa mgongo wa mwenzao kile walichodhani kiko ubaoni.

Sasa, mzazi wa Eastlands, mitaa hii ya mashariki ya jiji, hahitaji kufundishwa kugombania kitu kisichotosha. Mama mmoja wa mtaa wa Shauri Moyo alianza kumtuma mtoto wake mapema ili ashike nafasi mbele. Kesho yake wakawa wawili. Haukupita muda, watoto wa gredi ya tatu walikuwa wanatoka nyumbani giza totoro, wengine na tochi ya simu, wengine bila, wakakae nje ya geti wakisinzia mpaka lifunguliwe. Nani angethubutu kumchelewesha wake? Ukimchelewesha anasomea ukutani.

Muthoki naye alimtuma wake. Alikuwa akimsindikiza mpaka kona ya duka, kisha anaelekea soko la Muthurwa kununua mboga kabla wachuuzi wengine hawajachagua zilizo bora. Asubuhi moja, wakiwa bado hawajafika konani, walisikia watoto wakicheka mbele yao kwenye uchochoro, na nyuma ya kicheko kile wakaona mtu mzima akitembea polepole, mwanamume, kofia imeshuka mpaka machoni. Watoto walipopinda, naye akapinda. Walipopinda tena, akasimama, akawasha sigara, akaenda zake. Pengine alikuwa akienda kazini tu kama watu wengine. Lakini Muthoki alikuwa ameushika mkono wa Mwelu kwa nguvu mpaka mtoto akamwambia anamuumiza. Siku ile alinunua mboga mbaya Muthurwa, kwa kuwa hakuwa akiziona.

Wazo lilimjia kwenye foleni ya maji.

Mbotela maji huja yakitaka yenyewe. Kwa hiyo watu hawapangi foleni, mitungi ndiyo inayopanga. Unauweka mtungi wako kwenye mstari, unaenda kufua, unaenda kuuza, unaenda kulala ukipenda, na hakuna wa kuuruka. Sheria ni moja tu na kila mtoto anaijua: mtungi uko, mwenyewe yuko. Muthoki akiwa ameegemea ukuta, akiangalia mtungi wake wa njano ukimsubiria, alimwambia Mama Kim kwamba ikiwa mtungi unaweza kumshikia mtu foleni, begi la shule linakosa nini.

Mama Kim, yaani Warigia, jirani yake anayeuza nguo za mtumba, alicheka sana akasema begi halina makalio. Lakini jioni ile ile alileta begi la Kim.

Mpango ulikuwa rahisi. Muthoki alisema na Mzee Irungu, askari wa geti, ambaye alikuwa amechoka na kilio cha watoto wa gizani. Wazazi wakawa wanaacha mabegi mlangoni kwa Muthoki jioni. Alfajiri, akielekea Muthurwa, anayatia kwenye magunia yake ya mboga, moja kichwani na jingine mikononi kwa Mama Kim, wanayapitisha shuleni, wanayapanga juu ya madawati kila moja mahali pake. Watoto wanalala, wanaamka, wanakunywa chai, wanaenda shuleni jua likiwa limetoka, na nafasi wanaikuta. Mwalimu wa darasa, Mwalimu Aluoch, alipoona madawati yamepangwa vizuri na watoto hawakanyagani tena mlangoni, alimshukuru Muthoki mbele ya watu. Kwa mara ya kwanza sifa zilimjia Muthoki bila yeye kuzifuata, na alizivaa kama leso mpya.

Kisha muhula mwingine ukafunguliwa, na watoto wengine wakaletwa.

Mwelu akaanza kunyamaza. Hakuwa msemaji tangu awali, lakini huku kulikuwa kunyamaza kwingine. Viatu vyake vilirudi na vumbi jeupe la chokaa kisiginoni, kama mtu aliyeegemea ukuta mchana kutwa. Muthoki alimuuliza kama bado ana mahali pa kukaa.

"Begi liko mahali pake, Mami," mtoto akamjibu.

Muthoki alisikia alichotaka kusikia. Akaendelea kukata sukuma.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, na hilo ndilo lililokuja kumtisha baadaye, kwamba siku kama ile haina alama usoni. Aliyapeleka mabegi, akaenda Muthurwa, akarudi, akamchana Mwelu nywele, akamtazama akivuka uwanja mpaka akaingia geti. Saa ya chakula cha mchana Mwelu hakuja kibandani. Haikumsumbua, kwa sababu kuna siku hula kwa akina Kim. Wateja walikuwa wengi. Alikata, akapima, akawatania.

Alasiri watoto walipoanza kutapakaa njiani, Kim alikuja peke yake. Alikuwa na begi lake mgongoni na begi jingine mbele tumboni. Alilivua lile la mbele akaliweka juu ya nyanya.

"Mama Mwelu, begi ya Mwelu hii. Iliachwa."

Muthoki akamuuliza mwenyewe yuko wapi. Kim akapandisha mabega. Akamuuliza alimwona lini mara ya mwisho. Kim akafikiri kwa muda mrefu.

"Leo sijui," Kim akasema. "Begi ilikuwa."

Kisu cha kukatia sukuma kilibaki pale pale juu ya ubao. Kibanda kilibaki wazi. Watu waliomwona akikimbia na leso imeanguka mabegani walidhani kanjo, askari wa jiji, wamekuja, na wachuuzi wawili wakaanza kufungasha. Yeye hakuwa akiona wachuuzi. Alikuwa anaona barabara ya Jogoo na magari yake yasiyosimama. Alikuwa anaona reli. Alikuwa anaona mto ule mweusi upande wa Shauri Moyo, na zile picha za watoto waliopotea ambazo watu hutumiana kwenye simu, mtoto amevaa sare anatabasamu, na chini yake nambari ya mzazi. Aliona tabasamu la Mwelu kwenye picha ya namna ile, akaona ni picha gani angeitoa, ile ya Krismasi, kwa kuwa hakuwa na nyingine nzuri. Akajilaani kwa kuichagua.

Mwalimu Aluoch alikuwa bado darasani, nyuma ya rundo la madaftari lililomfika kidevuni.

"Yuko," alisema kabla ya kuinua kichwa. Kisha akakiinua. "Si yuko? Begi lake nimeliona asubuhi, na baada ya uji nimeliona."

"Begi ninalo mimi, Mwalimu."

Mwalimu akaliangalia lile begi mikononi mwa Muthoki, na uso ukamsawijika. Alieleza kwa sauti ndogo. Watoto ni mia kasoro kidogo. Akianza kuita majina yote asubuhi, kipindi kinaisha na nusu yao wameshaanza kupigana. Kwa hiyo huangalia madawati. Dawati lenye mabegi manne lina watoto wanne. Tangu mabegi yalipoanza kupangwa kazi imekuwa rahisi.

Muthoki alikuwa na maneno ya kumwambia mwalimu yule. Yalikuja yote kwa pamoja, makali, yamechongoka, yakafika kwenye meno yakakwama. Kwa sababu nani aliyeyapanga mabegi?

Mzee Irungu aliapa kwamba Mwelu aliingia. Alimsalimu, kama kawaida yake. Kama alitoka, hakuweza kuapa, maana saa ya chakula geti hufunguliwa na watoto humwagika kama maharagwe kutoka gunia lililopasuka, na macho ni mawili. Basi watu wakaanza kutafuta nje. Mama Kim alikimbilia barabara ya Jogoo akiwa miguu mitupu. Vijana wa bodaboda wakaenda upande wa mto, wengine wakafuata reli. Muthoki alimpigia Matheka, ambaye alikuwa Mlolongo, nje ya jiji, na shehena ya mchanga, akamwambia Mwelu haonekani. Muthoki alisikia tu mlango wa lori ukifungwa na injini ikiwaka, kisha simu ikakatika.

Yeye mwenyewe alitaka kukimbia, akajikwaa kati ya madawati. Mwalimu Aluoch alimshika akamkalisha kwenye dawati lililo karibu, kisha akakimbilia ofisini kupiga simu polisi.

Lilikuwa dawati la pili kutoka ukuta wa nyuma. Muthoki alilijua vizuri, maana ndiye aliyekuwa akiliweka begi la Mwelu hapo kila alfajiri. Hakuwahi kulikalia. Sasa aliona jinsi lilivyo: ubao umechakaa, mfupi, na kwenye ukingo watoto wamekwaruza mistari ya kugawana mipaka. Sehemu ya mwisho, upande wa njia, ilikuwa na upana wa kiganja. Begi lingekaa hapo. Mtoto asingekaa.

Darasa lilikuwa kimya. Shule nzima ilikuwa kimya, kila mtu yuko nje akiita. Na katika kimya kile akasikia ko. Kisha ko, ko.

Alidhani ni moyo wake. Akadhani ni njiwa juu ya mabati. Kikaja tena, mara tatu na kusimama, kama mtu anayebisha mlango na hana hakika kama anaruhusiwa. Muthoki aliinuka, akaenda mpaka ukutani, akaweka sikio kwenye chokaa baridi.

Nyuma ya ukuta ule palikuwa na stoo. Humo shule ilitupa madawati mabovu ya miaka yote, yakisubiri fundi ambaye kila muhula waliambiwa anakuja. Mlango wa stoo ulikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao mwalimu mkuu, ambaye alikuwa mkutanoni mjini. Lakini upande wa nyuma kulikuwa na dirisha lisilo na kioo, dogo, la kutosha mtoto. Muthoki alizunguka. Aliingiza kichwa dirishani.

Mwanzoni hakuona kitu. Kisha akaona vyuma. Madawati yalipangwa mpaka dari, miguu juu, kama mifupa ya wanyama waliokufa pamoja, na upande mmoja rundo lilikuwa limeporomoka. Chini kabisa, kati ya mbao, palikuwa na soksi nyeupe.

"Mwelu."

Soksi haikusogea. Alisikia pumzi yake mwenyewe. Akaita tena.

"Mwaitu," ikamjibu sauti kavu, ndogo, ya kama mzee. Ni neno la Kikamba la kumwita mama, ambalo Mwelu alilichukua kwa bibi yake Kitui, na hulitumia akiwa anaumwa tu.

Kwa mayowe ya Muthoki, Mzee Irungu alikuja mbio na Mwalimu Aluoch, akavunja kufuli kwa nondo. Alipoingia alishika dawati la chini kabisa avute, kwa kuwa ndilo lililomlalia mtoto, na Muthoki akamkamata mkono. Kuna kishindo kidogo kilikuwa kimesikika juu, mbao zikisemezana. Ukivuta la chini, yote yanashuka. Wakaanza juu. Moja moja, Mzee Irungu juu ya stuli, Mwalimu Aluoch akipokea, Muthoki amepiga magoti karibu na ile soksi ili mtoto ajue kuna mtu. Kila dawati lililoinuliwa, rundo lote liliguna. Mara moja mguu wa chuma uliteleza, ukashuka, ukasimama mahali ambapo mkono wa Mwelu ulikuwa unaonekana, na watu watatu wakaacha kupumua. Muthoki hakuwa na utani, hakuwa na wimbo, hakuwa na neno la kumtuliza mwanawe. Alikuwa na jina tu. Akalitaja, akalitaja, mpaka dawati la mwisho likainuka na mtoto akatolewa, vumbi jeupe mpaka kwenye kope.

Kifundo cha mguu kilikuwa kimegeuka upande usio wake. Midomo ilikuwa imepasuka kwa kiu. Mkononi bado alikuwa na kipande cha ubao alichokuwa akibishia.

Njiani kwenda kliniki, amelazwa mapajani pa mama yake nyuma ya tuktuk, Mwelu alieleza polepole, kama anayekiri kosa. Wageni walipokuja, mmoja aliwekwa kwenye dawati lao. Kila asubuhi alikuta begi lake na hana pa kujibana kando yake. Akawa anasimama ukutani. Kisha akasikia kwamba stoo kuna madawati. Akapitia dirishani kabla ya kengele atafute moja zima alivute nje.

"Nilitaka langu," akasema. "Begi lilipata nafasi, Mami. Mimi sikupata."

Muthoki akamuuliza kwa nini hakuita.

"Niliita. Mlikuwa mnasikia?" Aliuliza kwa dhati, kama mtu anayetaka kujua. "Niliita wakati mwalimu anafundisha kujumlisha. Nikiita, wao wanajibu. Wanajibu wote pamoja."

Muthoki alijua sauti ile. Watoto karibu mia wakiitikia jibu moja, sauti inayofika mpaka kibandani kwake, na kila alipoisikia alikuwa akiwaambia wateja kwamba sikieni, wanasoma hao.

Daktari alisema mfupa umevunjika lakini utaunga. Alisema pia kwamba dawati lingeangukia kidogo tu juu zaidi, wangekuwa wanazungumza mambo mengine. Alisema kwa wema, na Muthoki alitamani asingesema, kwa sababu tangu hapo kila akifumba macho aliliona likiangukia kidogo tu juu zaidi.

Matheka alitaka mtoto apelekwe Kitui kwa bibi yake. Kule, alisema, darasa lina nafasi mpaka mwangwi. Hakusema kwa hasira. Alikuwa ameshika ule mguu wenye plasta kama mtu aliyeshika yai. Muthoki alisema kule kuna nafasi lakini hakuna mama. Shule ya kulipia hata hawakuitaja, maana kutaja kitu usichokiweza ni kujipiga kofi. Mwishowe akamwambia mumewe asubiri. Hatamrudisha Mwelu pale, wala hatampeleka Kitui, mpaka aone kwa macho yake kama katika darasa lile mtoto anaweza kuonekana.

Wazazi wakaitwa uwanjani. Mwalimu mkuu, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu, alieleza kwamba ameomba madarasa na ameomba walimu, na amepewa ahadi. Aliongeza kwamba stoo imewekewa kufuli imara zaidi. Baba mmoja akamuuliza kama madarasa nayo atayawekea kufuli watoto wasizidi, na watu wakaguna. Ndipo mwanamume mwingine, kutoka nyuma, mikono mifukoni, akasema si wamuulize mama wa mabegi, maana yeye ndiye aliyekuwa naibu wa mwalimu mkuu.

Wachache walicheka. Mama Kim aligeuka amjibu, lakini Muthoki alikuwa ameshasimama. Wanaomjua walijiandaa kusikia mtu akichunwa ngozi. Hakumchuna.

"Ni mimi," akasema. "Mliniletea mabegi nikayabeba, na begi la wako lilikuwamo, lile la buluu lenye zipu mbovu. Niliogopa watoto kupita gizani. Bado naogopa. Lakini mtoto akipotea njiani, darasani pengo lake litaonekana. Mimi nililiziba lile pengo. Kwangu msilete begi tena. Asiyekuwepo, aonekane hayupo."

Akajifunga leso upya, akaketi.

Walibishana mpaka jua likawahamisha kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Walichokubaliana ni kidogo: kila siku wazazi wawili wataingia kwa zamu katika kila darasa la chini, wakae nyuma, wazijue nyuso. Mwalimu mkuu alisita, akasema sheria haijasema hivyo, kisha akasema basi, kwa muda. Alipouliza nani ataanza, watu wakagundua viatu vyao. Muthoki akainua mkono, na Mama Kim akauinua wake, akasema ikiwa ni kufa kwa kelele, wafe wawili.

Asubuhi ya zamu yao, Mama Kim alizuiwa na homa ya mwanawe mdogo. Muthoki akaingia peke yake.

Alikuwa amedhani anajua kelele. Muthurwa ni kelele, lakini ya Muthurwa iko chini ya mbingu. Hii ilikuwa ndani ya kuta nne, ikipanda kutoka sakafuni. Alisimama nyuma, mgongo kwenye chokaa, akajaribu kuzijua nyuso, na alichokiona ni visogo. Akijifunza safu moja, nyingine inahama. Mtoto mmoja anaokota kalamu chini ya dawati, na kwa muda wote anaoiokota hayuko duniani. Mwalimu Aluoch aliuliza tatu mara nne ni ngapi, nao wakajibu wote, na ukuta ukatetemeka mgongoni kwa Muthoki. Akageuka haraka, akaweka sikio ukutani, hali akijua kwamba huko nyuma hakuna mtu. Watoto waliomwona wakacheka. Aliwaacha wacheke.

Kim akainua mkono, akaruhusiwa kwenda chooni. Muthoki akamfuata mpaka mlangoni. Alimwona akivuka uwanja, akawa mdogo, akapinda nyuma ya jengo, akapotea. Akasubiri. Nyuma yake akasikia dawati likisukumwa, akageuka. Wawili walikuwa wamesimama ambao awali hawakuwa wamesimama, na mmoja aliyekuwa kando ya dirisha hakuwa kando ya dirisha. Akaangalia nje. Kim hajarudi. Akaangalia ndani. Mguu mmoja ulikuwa kizingitini na mwingine uwanjani, na jasho likamtoka mgongoni ingawa jua lilikuwa bado changa.

"Kim," akaita.

Akapaza sauti zaidi.

"Kim, uko?"

"Niko chooni, Mama Mwelu," ikarudi sauti ya aibu kutoka nyuma ya jengo, na darasa zima likapasuka kwa kicheko.

Lakini alikuwa amejibu. Muthoki akageukia ndani, akamuuliza yule wa dirishani jina lake na yuko wapi, naye akajibu kutoka chini ya dawati. Basi akafanya hivyo kutwa. Kila aliyetoka alimwita mpaka akajibu. Kila aliyeinama alimwita mpaka akainuka. Kufikia wakati wa uji, watoto walikuwa wanamjibu kabla hajamaliza kuita. Na kati ya kuita na kujibiwa, kila mara, palikuwa na ule muda mfupi ambao moyo wake ulisimama, na haukuzoea. Wa mwisho alimwogopesha sawa na wa kwanza.

Alasiri alirudi nyumbani sauti imekauka. Mwelu alikuwa kitandani, mguu juu ya mto. Hakuuliza wamefundishwa nini. Aliuliza kama mahali pake pamechukuliwa.

Muthoki angeweza kumdanganya. Akasema ndiyo, pamechukuliwa, na pale pa ukutani pia pamechukuliwa.

"Nitaenda Kitui?"

Muthoki alikaa kando ya kitanda. Alifikiria visogo vile vyote, na mtu wa zamu wa kesho, mama asiyemjua sana, ambaye pengine ataleta kushona kwake na kuinamisha kichwa. Alifikiria pia kwamba siku ile hakuna aliyeitwa akakosa kujibu.

"Plasta ikitolewa unarudi," akasema. "Na ukiitwa, unajibu. Ukiitwa na mtu yeyote. Usipoitwa, jitaje mwenyewe."

Mwelu akakubali. Kisha, ili kujaribu, akasema taratibu, "Niko."

Muthoki akasema amesikia. Lakini hakuondoka pale, na mtoto alipopitiwa na usingizi aliweka kiganja mbele ya pua yake, ahisi kama pumzi inatoka.